Tumbo Likiugua, Tukumbuke na Figo

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe.

Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa akiharisha damu na kamasi kwa miezi, huku akizidi kukonda. Mara tatu alipewa dawa za amiba, na mara tatu hali ikarudi. Siku moja baada ya ibada akanishika mkono: "Dada nesi, ubavu unaniua." Nikafungua mkoba, nikampa vidonge vya diklofenaki vilivyobaki nilipougua mgongo. Miaka yote hii ya uuguzi, na bado nikafanya hivyo!

Baadaye katika hospitali ya rufaa alipimwa kwa mpira wenye kamera, wakachukua na kinyama. Akakutwa na ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Na ule ubavu? Jiwe kwenye figo.

"Utumbo na figo wapi na wapi?" mumewe akaniuliza.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utumbo wenyewe. Si amiba, wala hakuna aliyemroga. Mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba, na mafuta ya chakula yakashindwa kufyonzwa vizuri. Mafuta hayo huinasa kalsiamu. Kwa kawaida kalsiamu ndiyo inayoikamata oksaleti, kitu kilichomo kwenye mchicha, spinachi na karanga, vikatoka pamoja chooni. Kalsiamu ikishanaswa, oksaleti hubaki huru, huingia kwenye damu, na kwenye figo hukutana na kalsiamu nyingine ikawa jiwe. Ongeza kuharisha: mkojo unakuwa mchache, mzito kama chai ya rangi.

Kwa hiyo usiache maziwa kwa kuogopa mawe, kama tumbo lako linayapokea. Kalsiamu inayoliwa pamoja na chakula inasaidia. Mchicha uchemshe, yale maji umwage (mama mkwe wangu hatanisamehe kwa hili).

Mawe siyo yote. Mesalazini, dawa inayotumika zaidi kwa ndugu wa ugonjwa huu, kolitisi ya vidonda, mara chache huumiza figo. Usiiache mwenyewe, ila hakikisha damu inapimwa kreatinini kabla ya kuianza na mara kwa mara baadaye. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari zaidi kwa mtu aliyekaukiwa maji, tena zinaweza kuuamsha ugonjwa wa tumbo. Uvimbe wa utumbo usiotulizwa kwa miaka unaweza kurundika protini iitwayo amiloidi ndani ya figo. Hapo mkojo hutoa povu jingi, miguu na macho yakavimba.

Figo hazipigi kelele. Kreatinini ikipanda, sehemu kubwa ya kazi yake imeshapotea. Mwenye tumbo la namna hii aombe kupimwa mkojo na damu hata siku anazojisikia mzima. Maumivu ya ubavu yakija pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Dada yetu jiwe lilitoka, na sasa anakuja mazoezi ya kwaya na chupa yake ya maji. Mkobani mwangu nimebakiza pakiti za ORS tu.