Watoto wa Wafanyakazi Nao Walione Ziwa



Katika jengo moja la ofisi hapa Kigali, ukumbini pale wageni wanapongojea, kuna sanduku kubwa la kioo lenye samaki wa rangi. Mwanachama wetu mmoja hukifuta kioo hicho kila asubuhi kabla wenye ofisi hawajafika. Binti yake wa miaka saba alimwomba ampeleke akawaone samaki hao. Haikuwezekana. Mlinzi wa mlangoni, ambaye naye ni mwanachama wetu, alikuwa na amri ya kutoingiza watoto, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kukataa kuipoteza kazi yake kwa ajili ya samaki. Mtoto aliwatazama kutoka barabarani.

Habari hii ilitajwa katika mkutano wa tawi, mwishoni kabisa, na wengine wakacheka. Lakini ndiyo iliyotufanya tuanze kuchanga.

Nchi yetu haina bahari, na safari ya Mombasa au Dar es Salaam si ya mtu wa mshahara wetu. Tunalo Ziwa Kivu. Tulichanga kwa miezi minne, tukakodi basi, na Jumapili moja tukaondoka Nyabugogo saa tisa za usiku, watoto wamefunikwa mablanketi, ili tufike Gisenyi wavuvi wakiwa wanarudi.

Tuliwakuta. Wavuvi wa isambaza, au sambaza kama wasemavyo jirani zetu wa Goma, huvua usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwasha taa ili samaki wapande juu kufuata mwanga. Watoto wetu walisimama kwenye maji ya magotini, samaki wadogo weupe wakimwagwa ndooni mbele yao, na hakuna aliyewaambia wasiguse. Mvuvi mmoja mzee, ambaye hakika alikuwa na usingizi, alijibu maswali yao karibu saa nzima.

Aliwaambia kwamba sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliwaambia pia kwamba ziwa lina kina cha zaidi ya mita 480, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu, kwa maana huko chini hakuna hewa ya kuvuta, kuna gesi. Sisi tuliongeza kwamba gesi hiyo ya methani huchotwa upande wa Karongi, na tangu 2016 kuna mtambo unaoichoma kutoa umeme, megawati 26 hivi. Kijana mmoja wa Gikondo akauliza: "Kumbe taa ya kwetu inatoka humu?" Huenda, tukamjibu. Shuleni amefundishwa jina la ziwa na urefu wake. Hilo la taa alilipata akiwa amelowa suruali.

Sasa tuseme lililo zito. Wapo wanachama wanaosema tawi linapoteza nguvu kwa matembezi, wakati suala la mishahara bado. Nao wana sababu. Kima cha chini cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na leo hakimnunulii mtu hata chakula cha mchana. Sheria ya kazi ya 2018 ilisema kima kipya kitawekwa kwa amri ya waziri. Mpaka 2023 amri hiyo ilikuwa haijatoka. Hatusemi wafanyakazi waache kudai hayo wakacheze ufukweni.

Tunachosema ni kwamba safari hii imetuonyesha dai jingine tulilolisahau. Katika familia zilizoandikishwa, zilizokosa nauli zilikuwa chache, maana wenzao waliwasaidia. Nyingi zilibaki kwa sababu baba au mama hakupewa Jumapili. Sheria hiyohiyo inampa kila mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo isiyopungua siku 18 za kazi kwa mwaka. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 juma la kazi liwe saa 40 badala ya 45, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa wazazi wapate nafasi na familia zao. Karani ameipata nafasi hiyo. Je, mlinzi wa usiku? Mpishi wa hoteli? Mfagiaji aliyeajiriwa kupitia kampuni ya tatu, ambaye hata hajui mwajiri wake hasa ni nani?

Mwanachama wetu wa kile kioo hakuja Gisenyi. Jumamosi jioni alipigiwa simu ashike zamu ya mwenzake aliyeugua. Binti yake alikuja na jirani, akarudi na mfuko wa sambaza aliowanunulia mama yake, na kutoka Musanze mpaka Kigali basi zima lilinuka. Hakuna aliyelalamika.

Na sisi wa kamati tulikosea. Tulitoza kila mtu mchango uleule, mlinzi sawa na mhasibu, tena tulitangaza tarehe wiki mbili tu kabla, muda usiomtosha mtu wa zamu kupanga lolote. Safari ijayo mchango utafuata mshahara. Orodha itaanza na watu wa zamu, na majina yao yatapelekwa kwa waajiri kwa barua ya tawi mwezi mmoja kabla, pamoja na nakala ya kifungu cha mapumziko ya juma. Mwajiri atakayekataa atujibu kwa maandishi, nasi tutalisoma jibu lake mbele ya mkutano.

Majina yaandikishwe kwa wajumbe wa kila sehemu ya kazi. Wanaohofia kuandika yao wamwone mjumbe faraghani.