Gari la umeme la mtumba: Pima betri kabla ya kulipa

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kliniki yangu mwaka jana akilalamika kwamba hapati usingizi na kichwa kinamgonga kila asubuhi. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda kupita kiasi, ilhali kwa miaka mingi tulikuwa tumelidhibiti vyema. Nilimwuliza kama ameacha dawa.

"Dawa nameza, Daktari," akanijibu. "Kinachoniua ni gari."

Mzee huyu alikuwa amechukua mkopo akanunua gari la umeme lililokwisha kutumika. Aliyemwuzia alimhakikishia kwamba lingekwenda zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuhitaji kuchajiwa. Kufikia wiki ya tatu lilikuwa likiishiwa na nguvu baada ya kilomita 60. Isitoshe, mzee alikuwa amepanga nyumba katika ghorofa ya nne, na mwenye nyumba alikataa katakata waya uteremshwe hadi uani. Gari likafunikwa turubai huku mkopo ukiendelea kulipwa kila mwezi.

Huenda msomaji akauliza: daktari ana shughuli gani na biashara ya magari? Nina sababu mbili. Kwanza, moshi wa magari naukuta kila siku vifuani mwa wagonjwa wangu. Pili, deni baya ni ugonjwa, nao hauna sindano.

Nakiri pia kwamba nusura mimi mwenyewe nitumbukie katika shimo lilo hilo. Naendesha gari la dizeli ambalo limezeeka. Kila asubuhi nikifika kazini linatoa moshi mweusi mbele ya akina mama wanaongoja na watoto wenye pumu. Ni aibu. Kwa aibu hiyo, mwaka 2022 nilikwenda kwenye yadi moja hapa Nairobi na mke wangu nikiwa tayari kulipa amana siku hiyo hiyo. Gari lilikuwa safi, limepigwa rangi likang'aa. Mke wangu akanivuta kando.

"Baba Mwende," akasema, "mgonjwa humwandikii dawa kabla ya kumpima damu. Mbona hili walilipia kwa kutazama rangi?"

Tulirudi nyumbani na pesa zetu. Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza mafundi, na nimefikia maoni ninayotaka kuwapa wasomaji wenzangu wa mjini.

Moshi

Hapana shaka kwamba moshi wa magari unadhuru. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kwa nusu kiwango cha chembechembe ndogo zinazofaa kuwa hewani kwa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita mchemraba. Chembechembe hizi ni ndogo mno hata hupenya mapafu na kuingia katika damu, zikasumbua moyo na ubongo pia.

Gari la umeme halina bomba la moshi. Na hapa Kenya sehemu kubwa ya stima hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Loiyangalani. Kwa hiyo hatuhamishi tu moshi kutoka barabarani na kuupeleka kwenye mtambo mwingine.

Hata hivyo, yafaa tusijidanganye. Gari lako moja halitamponya mtoto wako pumu, kwani bado utakaa katika msongamano nyuma ya lori la dizeli. Matairi nayo yatatoa vumbi kama ya magari mengine. Na kama nyumbani kwako chakula hupikwa kwa makaa katika jikoni lisilo na dirisha, nakushauri uanze na jiko. Mtungi wa gesi utaokoa mapafu ya watu wako mapema zaidi, na kwa pesa kidogo sana.

Afya ya betri

Katika gari la petroli tumezoea kuuliza limetembea kilomita ngapi. Katika gari la umeme, swali la kwanza ni betri imebakiwa na nguvu kiasi gani. Betri huchoka kwa umri, kwa joto na kwa kutumiwa. Mafundi wenyewe husema "afya ya betri" na huipima kwa asilimia, jambo linalonifurahisha kama daktari.

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010. Ya kwanza ilikuwa na betri ya uniti 24. Mwaka 2017 ikaja ya uniti 40, ambayo ikiwa mpya huweza kwenda takriban kilomita 240. Ikibakiwa na afya ya asilimia 80, hesabu kilomita 190 hivi. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, zile za uniti 24 haziji tena kutoka ng'ambo. Ukiiona, ujue imekuwa hapa kwa miaka kadhaa, na betri yake ni ya mzee.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupoteza kama asilimia 15. Lakini usivitegemee vijiti peke yake. Wako wafanyabiashara wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti vyote virudi kwa muda. Ni sawa na kumpa mtu dawa ya kutuliza homa kabla hajapimwa. Kipimajoto kitasoma vizuri, na malaria iko pale pale.

Basi fanya vipimo viwili. Cha kwanza, tafuta fundi mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosomwa kwa programu ya simu kama vile LeafSpy. Kitakuonyesha afya ya betri na kama kuna seli iliyo dhaifu kuliko wenzake. Cha pili, ambacho hakidanganyi, ni safari. Chaji gari lijae kabisa, kisha uendeshe kutoka Nairobi hadi Thika na kurudi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 90. Leaf ya uniti 40 yenye betri nzuri itatumia takriban asilimia 40 ya chaji. Ikitumia zaidi ya nusu, betri imechoka au gari lina kasoro nyingine. Mwenye yadi akikukataza safari hiyo, amekwisha kukupa jibu.

Jambo jingine ni joto. Betri ya Leaf hizi za uniti 24 na 40 haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Nairobi, yenye baridi yake, ni mahali pazuri kwa betri kama hiyo. Mkazi wa Mombasa awe mwangalifu zaidi. Na anayetaka kwenda Mombasa na kurudi kila mwisho wa wiki hilo si gari lake, kwani likichajiwa kwa kasi mara kadhaa kwa siku moja betri hupata joto na kuchaji kunapungua mwendo.

Mahali pa kuchaji

Mwalimu wangu hakuangushwa na betri peke yake. Aliangushwa na ghorofa ya nne. Kama huna mahali pako pa kuegesha penye stima usiku, wakati wako haujafika, hata gari likiuzwa kwa bei ya kutupa. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, na mapatano yaandikwe.

Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, betri ya uniti 40 huchukua zaidi ya saa 13 kujaa. Jambo hili huwatisha wengi bila sababu. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku hutumia uniti 7 au 8 tu, ambazo zitarudi kwa saa tatu hivi akiwa amelala. Stima ikipotea usiku mmoja, atafika kazini kesho na keshokutwa.

Lakini naonya juu ya nyaya. Usichaji gari kwa waya mwembamba wa kurefushia ule wa redio na pasi. Unapata moto baada ya saa kadhaa, na majeraha ya moto ni mabaya kuliko ugonjwa wowote niuonao. Mwite fundi wa stima aliyehitimu akuwekee soketi yake peke yake. Vilevile, nyaya nene za rangi ya machungwa zilizo ndani ya gari hubeba zaidi ya volti 300. Fundi ambaye hakufunzwa asiziguse.

Lini basi?

Wako wanaosema tungoje, kwa kuwa betri bora zaidi zinakuja na bei itashuka. Ni kweli zitakuja, na mwaka ujao zitakuja nyingine. Anayengoja hivyo atangoja hadi kaburini, huku dizeli yake ikiwapulizia majirani. Wako pia wanaokimbilia kwa sababu jirani amenunua. Wote hawa wanatazama saa ya mtu mwingine.

Kwa maoni yangu wakati wako umefika yakikutana mambo manne. Gari ulilo nalo limefikia mwisho wake, maana kutupa gari zima la petroli ambalo hulitumii sana ni hasara. Una mahali salama pa kuchaji. Safari zako za kila siku hazizidi nusu ya umbali ambao betri hiyo iliyotumika inaweza kwenda. Na betri imepimwa mbele ya macho yako. Fanya hesabu pia: zidisha uniti 8 kwa bei uliyolipia stima mwezi huu, kisha zidisha lita 3 na nusu za petroli kwa bei ya kituo chako. Tofauti hiyo, kwa kila siku ya kazi, ndiyo itakayokuonyesha kama mkopo utalipika.

Serikali ilifanya vyema kupunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na kuweka bei maalumu ya stima ya kuchajia magari mwaka 2023. Sasa ningependa kuona kila gari la umeme la mtumba likiuzwa pamoja na hati ya afya ya betri, kama vile mama anavyokuja kliniki na kadi ya chanjo ya mtoto. Unafuu wa ushuru hauna faida kwa mwananchi anayeuziwa betri iliyokufa.

Mwalimu wangu amepata ahueni. Amehamia nyumba ya chini yenye ua, nalo gari, kwa kilomita zake 60, linampeleka sokoni na kanisani. Mkopo bado anaulipa. Mimi nimekwisha kuwekewa soketi, na dizeli yangu sidhani itafika Krismasi. Nimepima magari mawili na yote yamefeli. La tatu nalipeleka Thika Jumamosi, na mke wangu ndiye atakayesoma asilimia.