Barua Pepe Iulizwe Jina, Isiulizwe Njia

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya upili mjini Garissa. Ameandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake kwa chuo kikuu, na siku ya mwisho ni leo. Mnara wa kampuni ya simu aliyoizoea umezimika, kwa hivyo anatumia laini ya kampuni nyingine. Ajabu ni kwamba barua za wenzake zinamfikia, ilhali yake inakataliwa kutoka. Je, mwalimu huyu amekosa nini?

Ieleweke kwamba seva inayotuma barua pepe ni mithili ya karani wa posta. Kwa mujibu wa utaratibu uliochapishwa mwaka wa 1982, karani huyo hakumwuliza mtu jina. Yeyote aliyefika dirishani alihudumiwa. Katika miaka ya 1990, wachuuzi wa matangazo yasiyotakikana waliugundua mwanya huo, wakawa wanapitisha taka zao katika seva za watu wengine. Kampuni za intaneti zilipotanabahi, zilifunga madirisha. Kila moja ikaamua kuwahudumia wale tu waliofika kwa laini zake yenyewe.

Kujikinga ni haki. Hata hivyo, kinga hiyo ilimpima mtu kwa njia aliyopitia badala ya kumpima kwa jina lake.

Athari za kipimo hicho ni nzito zaidi Kaskazini Mashariki. Minara ya mawasiliano imebomolewa na magaidi mara si haba katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na mkazi hulazimika kukimbilia mtandao wowote ulio hai. Isitoshe, kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti. Mmoja wao akituma taka, anwani hiyo huingizwa katika orodha ya washukiwa, na wasio na hatia wakaadhibiwa pamoja naye. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Wakazi wa eneo hili hawahitaji kufafanuliwa maana ya kushukiwa kwa sababu ya utokako. Wangali wanakumbuka mchujo wa Wakenya wa asili ya Kisomali wa mwaka wa 1989. Ilibidi wangoje hadi Februari 2025 ndipo Rais William Ruto atangaze kukomeshwa kwa ukaguzi wa ziada kwa vijana wao wanaoomba vitambulisho.

La kutia moyo ni kwamba dawa ya barua pepe imekuwapo kitambo. Mnamo Desemba 1998 ulichapishwa utaratibu wa kutenga mlango maalumu, nambari 587, kwa wanaowasilisha barua zao. Machi 1999 ukafuata utaratibu wa kumtaka mtumaji ajitambulishe, kwa mfano kwa jina na nywila. Hapo karani haulizi tena umetoka wapi, anauliza wewe ni nani.

Kwa hivyo, mwalimu wetu hana haja ya kuibembeleza seva ya kampuni aliyoazima laini yake. Hata ingemkubalia, barua yenye anwani ya shule inayotoka katika seva isiyotambuliwa na shule hiyo hutiliwa shaka iendako. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti ya kuthibitisha asili ya barua. Njia ya salama ni kuielekeza programu yake kwenye seva ya anwani yake mwenyewe, kupitia mlango wa 587 au 465, kwa nywila na kwa ujumbe uliofumbwa ili mpita njia asiusome. Akifanya hivyo, laini yoyote itamfaa.

Lakini shule ngapi zina anwani yake yenyewe? Vyuo vikuu vyetu vimekuwa na KENET tangu 1999, navyo hujitambulisha kwa .ac.ke. Shule nazo zimetengewa .sc.ke. Serikali za kaunti na Wizara ya Elimu zinapaswa kuziwezesha shule za Kaskazini Mashariki kupata anwani hizo pamoja na seva ya kuzitumia, na walimu wa tarakilishi wawafunze wanafunzi jinsi zinavyofanya kazi.

Mwanafunzi wa Garissa asikose nafasi ya chuo kwa sababu mnara ulianguka na barua ya mwalimu wake ikapita njia nyingine.