Mchawi wa Karatasi na Mchawi wa Kuzuliwa

Ndugu Waislamu, mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons. Mchezaji hubuni mhusika, pengine mchawi, akamwandikia nguvu, akili na hekima, kisha hurusha dadu. Miaka ya 1980 wengi huko waliulaani kuwa ni ushetani. Hatuutetei; lakini mchawi yule akifa, hufa karatasini.

Hapa Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa “tupa uchawi”, wapo miongoni mwetu wanaomzulia uchawi bibi kizee aliye hai, ushahidi wao ni macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni! Huyu akiuawa, nani atamrudisha? Anayeiogopa dadu na auogope zaidi ulimi wake. Damu hiyo itatudai Siku ya Hesabu.