Ukipotea njia, teremka uulize



Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Tumeizoea methali hii hata tunamfariji nayo kila aliyekosea: kijana aliyeteketeza mtaji, binti aliyeacha shule, mzee aliyenunua kiwanja chenye kesi. Leo Jumapili naomba tuitazame upya. Naamini ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na ile nusu isiyosemwa ndiyo inayorudisha watu nyumbani.

Tuanzie hapa kwetu Songea. Milima ya Matogoro tunaiona kila asubuhi. Ukielekea magharibi unapita Peramiho, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1898, na mbele zaidi unafika Mbinga na milima ya Umatengo. Kwaya zetu, vijana wetu na jumuiya zetu hupenda safari za siku moja kwenda huko. Watu huchangishana, hukodi Noah au kosta, hubeba sufuria za pilau, huondoka alfajiri ili wakaombe mlimani, watazame nchi aliyoiumba Mungu na kurudi kabla ya giza. Ni desturi njema.

Barabara kuu haina taabu. Lami imefika Mbinga na imeshuka mpaka Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Kazi huanza pale unapoiacha lami. Njia za Umatengo hufuata vigongo vya milima, hushuka bondeni, hupanda tena katikati ya mibuni na mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili maji ya mvua yatulie na udongo usichukuliwe. Ukisimama kwenye kigongo kimoja unaliona bati la kanisa kwenye kigongo cha pili, unadhani ni hapo tu, kumbe njia inazunguka korongo zima. Ramani ya simu nayo hukuonyesha mstari mzuri, lakini haijui kwamba daraja la magogo lilisombwa na mvua za juzi. Ukifika bondeni, mtandao wenyewe umekatika.

Angalia jinsi watu wanavyopotea katika njia kama hizo. Hakuna anayepotea kwa mara moja. Kwenye njia panda gari linashika kushoto badala ya kulia, na kwa nusu saa nzima hakuna tofauti yoyote: vumbi ni lile lile, migomba ni ile ile, nyimbo zinaendelea. Baadaye mtu mmoja kiti cha nyuma anahisi jua limekaa upande usio wake. Ananyamaza, asije akaonekana mjuaji. Dereva naye ameanza kushuku, lakini badala ya kusimama anakanyaga mafuta, kana kwamba mwendo utaisahihisha njia. Saa kumi jioni barabara inageuka kichochoro cha pikipiki na kuishia kwenye shamba la mahindi. Hapo ndipo kila mmoja anasema, "Mimi nilijua toka zamani."

Injili ya Luka, sura ya pili, inatusimulia safari ya namna hiyo. Yosefu na Maria walikuwa wametoka Yerusalemu, mji wa milimani, baada ya sikukuu ya Pasaka. Mtoto Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili. Walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Tafakari jambo hilo, mpendwa. Watu wawili wacha Mungu, waliotoka kusali, walitembea siku nzima bila Yesu na hawakujua. Msafara ulikuwa umejaa ndugu na jirani, mazungumzo yalikuwepo, na bila shaka kila mmoja alidhani mtoto yuko kwa mwenzake.

Hatari hiyo ipo mpaka leo. Mtu anaweza kuwa katika kwaya, akavaa sare, akatoa zaka, akahudhuria kila semina, na akawa ameacha Bwana nyuma kwa mwendo wa siku nyingi. Kelele za msafara zinamficha. Familia inaweza kupiga picha za kupendeza kila Jumapili wakati baba na mama hawajasemezana tangu Jumatano. Barabara inaonekana ni ile ile, na ndiyo maana hatushtuki.

Lakini tazama walichofanya walipogundua. Kwanza waliuliza, kwa ndugu na kwa watu wanaofahamiana nao. Walipokosa jibu, waligeuka. Hawakusema kwamba wameshatembea sana, kwamba wameshachoka, kwamba wasonge tu mbele huenda mtoto akawakuta Nazareti. Walirudi Yerusalemu, njia ile ile, na baada ya siku tatu wakamwona hekaluni.

Hapa ndipo methali yetu inapohitaji kukamilishwa. Kupotea peke yake hakumfundishi mtu njia. Wapo waliopotea miaka ishirini na hawajui njia hata leo. Anayeijua njia ni yule aliyepotea, akakubali, akauliza, akarudi mpaka pale alipokosea. Bila hatua hizo tatu, kupotea ni kupotea tu, na usiku ukiingia ni hatari.

Kwa nini basi tunashindwa kugeuza gari? Kwa sababu kugeuza kuna gharama. Kuna mafuta yaliyokwisha, muda uliopotea na macho ya abiria. Mtazame mama mjasiriamali aliyechukua mkopo wa kausha damu ili kuongezea biashara ya genge. Marejesho yakamshinda, akakopa kwingine kulipa kule kwa kwanza, kisha kwa tatu kulipa kwa pili. Kila mkopo mpya ni kilomita nyingine kwenye njia isiyo yake. Siku ya kwanza angeweza kumwambia mumewe au mwenyekiti wa kikundi, na aibu ingekuwa ya jioni moja. Sasa vitanda vimechukuliwa, na amehama mtaa usiku. Hakupotezwa na mkopo wa kwanza. Amepotezwa na kuogopa kusimama.

Vivyo hivyo kijana aliyeanza pombe, mwanandoa aliyeanza kuchati usiku na mtu asiye wake, mtumishi aliyeanza kuazima sadaka kidogo akidhani atairudisha mwisho wa mwezi. Kurudi ni rahisi zaidi leo kuliko kesho. Wazoefu wa milima wana kanuni: usisubiri jua lizame ndipo ufikirie kurudi. Ukiona njia inazidi kuwa nyembamba na alama ulizoambiwa huzioni, simama hapo hapo.

Ukishasimama, uliza. Na hapa naomba tusome Hesabu sura ya kumi, kuanzia aya ya 29. Wana wa Israeli wanaondoka Sinai. Sura iliyotangulia imetuambia kwamba wingu la Bwana ndilo lililowaongoza. Likiinuka wanaondoka, likitua wanapiga kambi. Ni nani aliyewahi kuwa na ramani kama hiyo? Hata hivyo Musa anamwendea Hobabu Mmidiani, jamaa wa upande wa mkewe, na kumsihi asiwaache, kwa kuwa yeye anayafahamu mahali pa kupiga kambi jangwani na atakuwa kama macho yao. Hobabu alikataa kwanza, akasema anarudi kwao. Musa hakuona haya kumbembeleza.

Wako Wakristo wanaodhani kumwomba mtu ushauri ni kukosa imani. "Mimi namwachia Mungu," husema, huku wakipita mbele ya daktari, mwanasheria, mshauri wa ndoa, hata mzee wa kanisa mwenye hekima. Musa alikuwa na wingu na bado alimwomba Hobabu. Kuuliza hakukupunguza utukufu wa wingu. Mungu anaongoza, na mara nyingi anaongoza kwa mdomo wa mtu anayelijua jangwa.

Mara nyingi mtu huyo ni yule tusiyemtarajia. Ukipotea Umatengo, anayeijua njia hayumo ndani ya gari lenye viyoyozi. Ni mama aliyebeba kuni kichwani, mtoto anayechunga mbuzi, kijana wa bodaboda. Na kuuliza kwenyewe kuna adabu yake. Ukimpigia honi na kupayuka kutoka dirishani, atakuonyesha kwa kidole upande wowote na kuendelea na safari yake. Ukiteremka, ukamwamkia "Shikamoo mama", ukasubiri marahaba, atatua mzigo na kukueleza vizuri, pengine akuambie na lile daraja lilivyo. Kuteremka ni nusu ya jibu. Ndivyo ilivyo na toba: mtu hatubu akiwa amekaa juu.

Lakini sitaki kuzungumza na aliyepotea peke yake. Nataka kuzungumza nasi tunaoulizwa njia, maana Jumapili kanisani tumekaa wengi tunaojiona tuko kwenye lami.

Kuna watu wa aina tatu unaowakuta njiani. Wa kwanza hajui, lakini anaona aibu kusema hajui, kwa hiyo anakuambia "ni hapo tu mbele". Ana nia ya kukufurahisha, na anakuongezea saa mbili za kupotea. Watumishi wa aina hii wapo. Mtu analeta ndoa inayovunjika, anapewa kemeo la dakika tano na kuambiwa mambo yamekwisha. Kusema "sijui, ngoja nikupeleke kwa anayejua" ni huduma halali kabisa.

Wa pili anaijua njia, lakini anaanza na hukumu. "Nani aliwatuma kupita huku? Gari dogo hivi mlidhani mtafika?" Kwa masikitiko, baadhi ya makanisa yetu yamekuwa hivi. Binti aliyepata mimba anauliza njia ya kurudi, anakutana na vicheko vya kwaya aliyokuwa akiimba. Mwanamume aliyetoka gerezani anakaa benchi la nyuma, na benchi zima linahama. Wao waliuliza njia. Sisi tukawasomea makosa yao. Mimi nasema wazi: mtu akirudi kuuliza, makosa yake anayajua kuliko sisi. Kuna wakati wa kumkaripia mtu na wakati wa kumfundisha, lakini jua likiwa linazama kinachotangulia ni njia.

Wa tatu ndiye huyu tunayemhitaji. Anasema, "Hapo mbele kuna njia panda mbili, mtakosea tena. Nifuateni." Anawasha pikipiki yake, anawatangulia mpaka pale barabara inapoonekana, kisha anageuza na kurudi kwenye shughuli zake. Hajahubiri. Amempoteza abiria mmoja au wawili kwa ajili yenu. Mchungaji wa Luka 15 ni wa ukoo huu. Aliwaacha tisini na tisa akaenda, na alipompata kondoo hakumswaga kwa fimbo, alimbeba mabegani.

Na yule abiria wa kiti cha nyuma aliyehisi mapema kwamba jua limekaa vibaya? Kwake nina neno moja. Ukimya wako ulionekana ni heshima, lakini gari zima limelipia. Mke anayeona mumewe anazama kwenye kamari ya simu, rafiki anayejua mwenzake anatembea na mume wa mtu, mjumbe wa kamati anayeona hesabu za ujenzi hazikai sawa: semeni mapema, kwa upole, faraghani kwanza. Dereva anaweza kukasirika. Afadhali akasirike saa nane mchana kuliko kulia saa mbili usiku.

Mpendwa msomaji, mto wetu Ruvuma unazaliwa hapa, katika milima ya Matogoro. Ukitazama unavyoanza, utadhani umepotea, maana kwanza unaelekea magharibi, upande wa Ziwa Nyasa. Kisha unageuka kusini, halafu unageuka tena mashariki, ukawa mpaka kati yetu na Msumbiji, mpaka unapoingia Bahari ya Hindi. Kama ungekataa kugeuka, bahari usingeiona. Kugeuka hakuupunguzii mto chochote. Njiani unapokea mito mingine na kufika ukiwa mkubwa kuliko ulivyoanza.

Wiki hii nakuomba ufanye jambo moja kati ya haya. Kama unajua umeacha njia panda fulani nyuma, iwe deni, uhusiano au tabia, mtafute mtu mmoja mwaminifu umweleze kabla ya Jumapili ijayo, kwa maneno ya kawaida, bila kuipamba. Kama unajua ndugu aliyepotea, usimsubiri afike mlangoni. Mpigie simu, na maneno yako ya kwanza yasiwe "ulikuwa wapi". Mwambie chakula kipo.

Wala usisahau kwamba Yosefu na Maria walipomwona Yesu hekaluni, Luka anasema alikuwa ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu mwenyewe aliuliza. Nani kati yetu ni mkubwa mno hata asiweze kuteremka kwenye gari lake na kuuliza?

Mungu akupe macho ya kuiona njia panda kabla jua halijazama. Nawatakia Jumapili njema.