KIGEZO CHA MFUPA KABLA YA KISU

Fundi seremala hakati ubao wa thamani kwa kubahatisha. Hutengeneza kigezo, akakilaza juu ya ubao, akapiga mstari, ndipo akatia msumeno. Ikiwa ubao una heshima hiyo, uso wa binadamu unastahili zaidi.

Tunasema hayo kwa kuwafikiria wagonjwa wa taya. Upo uvimbe uitwao ameloblastoma, utokanao na chembe za kutengenezea meno. Kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hauumi mwanzoni. Hukua polepole huku ukila mfupa, hata uso ukapinda. Mara nyingi tiba yake ni kukata kipande cha taya. Kisha bingwa huchukua mfupa mwembamba wa mguuni, ulio sambamba na muundi, pamoja na mishipa yake ya damu, akaukata vipande na kuviunga vifuate mkunjo wa taya, akavishikiza kwa bamba la titani. Kazi hiyo hula saa nyingi, na muda wote huo mgonjwa yumo katika usingizi wa dawa.

Hapo ndipo kigezo kinapohitajika. Kompyuta huziunganisha picha za CT za mgonjwa zikawa umbo moja. Mashine ya kuchapa maumbo hulijenga umbo hilo kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, mpaka daktari akalishika mkononi taya la mgonjwa wake kabla hajamgusa kwa kisu. Juu ya taya hilo hulikunja bamba mapema, badala ya kulijaribisha mara kwa mara jeraha likiwa wazi. Muda wa upasuaji hupungua. Mgonjwa naye huonyeshwa taya lake, akafahamu kitakachokatwa kabla ya kutia sahihi.

Elimu hii si ya jana. Charles Hull wa Marekani alipata hataza ya mashine yake ya kuchapa maumbo mwaka 1986. Mwaka 2011, nchini Uholanzi, bibi mwenye umri wa miaka 83 alipandikizwa taya zima la chini lililochapwa kwa unga wa titani. Lakini lililo muhimu kwetu ni kwamba mwaka 2009 hataza ya njia ya kuyeyusha uzi wa plastiki ilikwisha muda wake, na bei ya mashine hizo ikashuka sana. Leo mashine ndogo ya kuwekwa mezani inatosha kuchapa taya.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa, wakati dawa na vitanda havitoshi. Hatukubaliani nao. Kila saa inayookolewa katika chumba cha upasuaji ni saa ya mgonjwa mwingine anayengoja zamu.

Wala hatudai kwamba plastiki itachukua nafasi ya bingwa. Picha ikiwa mbaya, kigezo nacho hupotoka. Tena plastiki ya bei nafuu mara nyingi haistahimili joto la kuua vijidudu, basi haifai kusogezwa karibu na jeraha. Kazi hii yataka watu waliofunzwa.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali, kupitia Wizara ya Afya, mambo matatu. Kwanza, gharama ya uzi, vipuri na matengenezo iingizwe katika bajeti, kwani mashine ya msaada isiyo na vipuri ni pambo la stoo. Pili, vijana wetu wachache wasomeshwe kazi hii, na wakae pamoja na madaktari. Tatu, pawe na utaratibu thabiti baina ya hospitali zetu na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Picha huvuka bahari kwa dakika chache. Mgonjwa wa Micheweni havuki kwa wepesi huo. Na avuke mara moja, akikuta kigezo chake kimekwisha kuchapwa na bamba lake limekwisha kukunjwa.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Uvimbe wa taya usioumwa usingoje mpaka uume, na jino linalolegea bila sababu lionyeshwe kwa daktari mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa uso wa mtu haujengwi kwa kubahatisha.