Mstaafu Bado Anadaiwa

Kila mwisho wa mwezi, foleni za kutoa fedha mjini Kayanga, wilayani Karagwe, hujaa mvi kuliko siku nyingine yoyote. Ni wastaafu: walimu, wauguzi, mabwana shamba, makarani, askari. Wamefika kutoka Bugene, Nyakahanga, Nyaishozi, na wengine wamepanda bodaboda toka Nkwenda, upande wa Kyerwa. Wanaamkiana, wanaulizana habari za wajukuu na za presha, wanapokea pensheni na kurudi nyumbani. Baada ya hapo, hadi mwezi mwingine uishe, wengi wao hawatafutwi na mtu kwa jambo lolote, wala wao hawamtafuti mtu. Huo ni uzembe, na unazihusu pande mbili. Tutaanza na wastaafu wenyewe, kwa heshima yote wanayostahili.

Sheria ya utumishi wa umma inamruhusu mtu kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kumlazimisha akifika 60. Inamwondoa kwenye orodha ya mishahara. Haina uwezo wa kumwondolea alichojifunza kwa gharama za wenzake, na kizazi kinachostaafu sasa kilisomeshwa na taifa kwa namna ambayo vizazi vya kabla yake havikuipata. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na vijana waliotoka darasa la saba wakapewa chaki, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Jioni baada ya vipindi walisimama tena mbele ya baba na mama zao kuwafundisha kusoma na kuandika. Kwa takwimu za Serikali, hadi 1986 Watanzania wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki asilimia 9.6.  Kazi hiyo ilifanywa na vijana walioambiwa kwamba aliyetangulia kujua anadaiwa na asiyejua. Wengi wa vijana hao ndio wenye mvi katika foleni tuliyoitaja, na deni lao halikuwa na tarehe ya kuisha.

Mfano mkubwa uko ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, Butiama. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985. Alirudi kijijini akalima, akacheza bao na wazee wenzake, akazitafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili. Kati ya 1987 na 1990 aliongoza Tume ya Kusini, na tangu 1996 akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, nchi ambayo wakimbizi wake mkoa wetu wa Kagera unawajua vizuri. Kifo kilimkuta Oktoba 14, 1999, akiwa na miaka 77, usuluhishi huo ukiwa bado mikononi mwake. Hatumdai mwalimu mstaafu wa Ihembe asuluhishe vita. Tunamdai asuluhishe mpaka wa kibanja kati ya ndugu wawili wa kitongoji chake, ambao baba yao alikuwa mwanafunzi wake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya kupatanisha katika migogoro ya ardhi, hayana tena mamlaka ya kuamua. Upatanishi unahitaji mtu anayejua mche wa mpaka ulipandwa lini na nani. Mtu huyo ana umri gani, kila msomaji anajua.

Tukaribie shambani, maana hapa ndipo hasara inapoonekana kwa macho. Mnyauko wa migomba uligunduliwa nchini mwaka 2006, hapa hapa mkoani Kagera. Unaenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na unaenezwa na panga letu wenyewe. Mabwana shamba waliozunguka vijijini wakati ule wanastaafu sasa, mmoja baada ya mwingine. Mtazame mmoja wao akiwa kibanjani kwake. Chane ya mwisho ikishatoka, anachukua mti mrefu wenye panda, anaielekeza panda kwenye kikonyo juu ya ua dume, anakaza, anazungusha. Ua linakatika na kudondoka chini. Panga halikugusa kitu. Akihamia mgomba mwingine kupunguza machipukizi, kwanza anapitisha panga kwenye moto. Ni kazi ya dakika moja. Lakini vuka njia uingie kibanja cha jirani kijana: panga lile lile linapita shina hadi shina, na pale lilipokata utomvu wa njano unachuruzika. Mzee anaona kila siku. Hasemi, kwa sababu eti amestaafu! Tunasema kunyamaza huko ni kosa. Mgomba ukifa kwa jirani, wadudu hawaulizi nani ana barua ya kustaafu.

Na kahawa je? Mkulima anayeuza kahawa yake butura, ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu ya ada ya mtoto au ugonjwa, na kwa sababu haamini vitabu vya chama chake cha msingi. Mhasibu mstaafu aliyekaa na leja miaka 30 anaweza kuisoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu na kuifafanua kwa Kinyambo, mstari kwa mstari. Jumamosi moja kwa msimu ingetosha.

Wapo watakaotujibu kwamba mstaafu amechoka na amepunjwa. La kupunjwa hatulipuuzi. Malalamiko ya kikokotoo cha pensheni yaliyopanda mwaka 2018 yalikuwa na msingi, na Serikali yenyewe ililiona hilo mwaka 2024 ilipopandisha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lililokuwa limepunguziwa zaidi. Waendelee kudai haki yao hadi mwisho. Ila jirani mwenye mgomba unaonyauka hakutunga kikokotoo, wala mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma.

La kuchoka lina majibu ya kitabibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za watu 93,263 wa umri huo katika nchi 16: wenye shughuli wanazozipenda walikuwa na dalili chache za sonona na waliridhika zaidi na maisha. Hakuna nchi ya Afrika kati ya hizo 16, lakini sisi hatukuhitaji kungoja wataalamu. Tumezika wastaafu wengi ambao mwaka wa kwanza wa kukaa barazani ulikuwa mwaka wao wa mwisho wa afya. Kwa hiyo kwaya ya kanisani, mizinga ya nyuki, bao, ususi wa vikapu, bustani ya mboga, matembezi ya asubuhi kabla jua halijakaza, vyote hivi tunavihesabu ndani ya wajibu. Pombe ya rubisi ya kuanzia saa nne asubuhi hatuihesabu.

Mabibi tunawaondoa kwenye lawama hizi. Kagera ilipata wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na waliobaki na yatima walikuwa wao. Wengi hawakuwahi kuajiriwa, hivyo hawana cha kustaafu. Shirika la Kwa Wazee la Nshamba, wilayani Muleba, lilipoanza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, utafiti wa baadaye ulikuta fedha ile ikienda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Waliopewa kidogo waligawana na wajukuu. Aliyepata pensheni ya Serikali ajipime mwenyewe kwa kipimo hicho.

Sasa upande wa pili. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kama hazina ya maarifa. Hazina hiyo halmashauri zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, zinaifungua Oktoba 1, Siku ya Wazee, kwa hotuba, soda na picha, kisha zinaifunga. Ni ofisi ngapi za kijiji zenye orodha ya wastaafu wanaoishi humo na fani zao? Mwalimu mkuu mwenye darasa la wasiojua kusoma, amewahi kubisha hodi kwa mwalimu aliyestaafu nyumba ya tatu kutoka shuleni? Historia ya mfalme wetu Rumanyika na ikulu yake ya Bweranyange tunawaachia watalii na vitabu vya mpelelezi Speke, aliyepita hapa mwaka 1861, wakati wapo wazee waliopokea majina ya abakama, yaani wafalme wetu, midomoni mwa babu zao. Redio FADECO ipo hapa hapa Karagwe, inasikika vijijini. Waalikwe wakiwa wangali na sauti.

Tunaonya pia. Kujitolea kwa mstaafu kusitumike kuficha upungufu wa walimu au wauguzi. Ajira ni za vijana na Serikali izitoe. Mzee asiitwe kubeba tofali. Apewe muda unaojulikana, nauli yake, kiti, na barua yenye mhuri inayosema anafanya nini na chini ya nani, hasa anapokutana na watoto.

Wenyeviti wa vijiji vya Karagwe na Kyerwa, fungueni daftari la wastaafu kabla ya Oktoba 1 mwaka huu: jina, fani, kitongoji, siku anayoweza kutoa. Nanyi wastaafu, msingoje kuitwa. Nendeni ofisi ya kijiji mkajiandikishe wenyewe.